Kaulizwa mara tatu, kaitika mara tatu

Barua

Mwalimu, assalamu alaikum.

Nakuandikia kutoka wilaya ya Wete, Pemba. Nina miaka 31, mama wa watoto wawili, na nakaa nyumbani kwetu pamoja na mama yangu na mdogo wangu wa kiume. Hapa nitamwita Kombo, si jina lake. Kombo ana miaka 22. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake mpaka leo hayazidi ya mtoto wa miaka minne. Skuli alisoma katika darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, akatoka akiwa na miaka 15. Hajui kusoma. Ukimwambia Jumanne au Alkhamis, kwake ni mamoja. Lakini ana nguvu na anapenda kazi, na msimu wa karafuu ukifika kila mtu hapa anamwita amchukulie mapakacha kutoka shamba mpaka nyumbani. Wanampa chochote, anafurahi.

Wiki iliyopita jirani yetu mmoja, mzee wa heshima zake, alipotewa na gunia la karafuu kavu. Lilikuwa barazani kwake linangojea kwenda kuuzwa. Siku hiyo hiyo asubuhi mimi mwenyewe nilimwambia Kombo, "Nenda kwa mzee kachukue karafuu," maana mzee alikuwa na wachumaji shambani na alitaka mtu wa kubeba mbichi. Alikwenda, akarudi jioni, nguo zinanukia karafuu kama siku zote.

Siku ya pili yake walikuja askari wawili. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali na mwanangu. Mama alikuwa peke yake, akaogopa, akamwacha aende nao. Nilipofika kituoni ilikuwa inakaribia alasiri, na yeye alipelekwa tangu saa tatu asubuhi. Nilimkuta kwenye benchi anacheka. Kombo akiogopa hucheka. Maelezo yalikuwa yameshaandikwa na ameshatia dole gumba. Askari aliyemhoji si mtu mbaya, Mwalimu, wala hakumpiga. Nimemkagua mwili mzima. Alizungumza nami kwa adabu. Aliniambia, "Dada, mimi nimemuuliza mara tatu, na mara tatu kakubali mwenyewe."

Tulimtoa kwa dhamana. Wadhamini ni ami yangu na jirani mwengine. Tumeambiwa turudi naye baada ya wiki mbili kwa mahojiano mengine, kwa sababu wanataka awataje wenziwe. Hata wao wanaona kwamba kijana huyu hajui pa kuliuza gunia zima.

Usiku ule nyumbani nilikuwa na hasira na aibu. Nilimkalisha nikamuuliza, "Kombo, uliiba karafuu za mzee?" Akasema, "Ee." Nikaishiwa nguvu. Nikanyamaza, kisha sijui nini kilinijia, nikamuuliza, "Kombo, hukuiba karafuu za mzee?" Akasema, "Ee." Nikamuuliza, "Kombo, wewe askari?" Akasema, "Ee, askari." Nililia mpaka mama akaamka.

Ami anasema tusijipe taabu. Anaona muhali kwa jirani. Anataka tuuze mbuzi tulipe gunia, mzee aifute kesi, yaishe. Mama anaelekea huko huko. Binamu yetu naye kila jioni anamkalisha Kombo anamfundisha: akiulizwa "Uliiba?" aseme "La, sikuiba." Jana alijibu vizuri mara mbili. Mimi ninachotaka ni kuingia naye ndani siku hiyo nijibu mimi. Tangu utotoni mimi ndiye mdomo wake. Je, nitaruhusiwa? Nikiruhusiwa niseme nini? Na yale maelezo ya kwanza ndiyo yameshakwisha, au yanaweza kurekebishwa?

Dada wa Kombo, Wete

Jibu

Waalaikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Kabla ya jambo lolote, yale maswali matatu ya usiku ule yaandike leo, na majibu yake, na tarehe, na saa, na nani alikuwepo akisikia. Bila kujua umefanya kipimo ambacho kilitakiwa kifanywe kituoni kabla kalamu haijagusa karatasi.

Nimefundisha watoto kama Kombo hapa Unguja kwa miaka mingi na hiyo "ee" naijua. Maana yake ni "nimekusikia". Maana yake ni "usinikasirikie". Mara nyingi maana yake ni "nataka kwenda nyumbani". Na tuliomfundisha ni sisi. Mtoto wetu akiitwa aitike, mkubwa akisema asibishe, akiulizwa na mgeni asinyamaze. Mtoto mwengine anakua na adabu hiyo huku akijua inaishia wapi. Kombo hajui. Mbele yake kakaa mtu mzima, mwenye sare na meza na sauti, anamtaka aseme kitu. Kaulizwa mara tatu kaitika mara tatu. Angeulizwa mara thelathini angeitika thelathini. Na mtu kama yeye ukimrudilia swali lile lile huona kwamba jibu lake la mwanzo lilikuwa baya, kwa hiyo hutafuta lile litakalomridhisha muulizaji. Askari kadhani anahakikisha, kumbe anasukuma.

Sasa tazama neno lenyewe. Wewe ulimwambia Kombo, "Kachukue karafuu." Kazi yake msimu mzima ni kuchukua karafuu. Mchukuzi ni nani kama si mtu anayebeba mizigo? Basi askari akimuuliza, "Ulichukua karafuu za mzee?" na Kombo akasema ee, amesema kweli tupu. Alizichukua, mbichi, kwenye pakacha, kwa kutumwa. Kwenye karatasi neno hilo hilo linasomeka wizi. Simjui askari wenu na sikuyaona maelezo, lakini ukipata nafasi ya kusomewa, sikiliza mahali palipoandikwa "nilichukua" na uulize swali lililoulizwa lilikuwaje. 

Kuna mtego mwengine kwenye lugha yetu. Muulize mtu yeyote, "Hukwenda sokoni?" Kama hakwenda, atakwambia, "Ndiyo, sikwenda." Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Sasa mtu wa maneno machache kama Kombo husema ile ndiyo peke yake na "sikwenda" hana. "Hukumuona mtu barazani?" "Ee." Imeandikwa vipi hiyo? Kamuona au hakumuona? Halafu kuna swali la "asubuhi au jioni?" ambalo wengi wa wanafunzi wangu walijibu kwa neno la mwisho walilolisikia. Geuza, "jioni au asubuhi?", na jibu linageuka nalo.

Si Pemba tu. Mwaka 1972 mjini London aliuawa mtu aitwaye Maxwell Confait. Walikamatwa vijana watatu, wa miaka 18, 15 na 14. Yule mkubwa alikuwa na ulemavu wa akili. Uelewa wake ulikadiriwa kuwa kama wa mtoto wa miaka minane. Walihojiwa bila mtu mzima wa kuwasaidia, wakakiri, wakahukumiwa, wakafungwa. Ushahidi wa saa aliyokufa yule mtu haukukubaliana na walichokiri, lakini karatasi ilikuwa na saini zao. Mahakama ya Rufaa iliwaachia mwaka 1975, baada ya miaka mitatu ya maisha yao kupotea. Serikali ikaunda uchunguzi, na mwisho wake ikatungwa sheria ya mwaka 1984 inayoongoza polisi wa Uingereza na Wales. Chini ya sheria hiyo, mtu dhaifu wa uelewa hahojiwi mpaka awepo mtu mzima asiyekuwa polisi, wa kumsaidia aelewe na aeleweke. Mwaka 1999 wakaongeza mtaalamu wa mawasiliano wa kukaa kati ya shahidi na muulizaji. Jirani zetu Kenya wameliweka katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 50: mahakama inaweza kuruhusu mtu wa kati amsaidie mlalamikaji au mshitakiwa kuwasiliana. Nakuhadithia haya ili usiingie kituoni ukijiona unaomba kitu cha ajabu.

Na sasa lile ulilouliza hasa. Ujibu wewe?

Usijibu. Najua ni zito, maana umekuwa mdomo wake tangu hajui kutamka "maji". Mimi nililifanya hilo kosa. Miaka mingi nyuma mwanafunzi wangu, msichana mwenye ulemavu kama wa Kombo, alifanyiwa udhalilishaji. Nilikaa naye mbele ya askari. Alikuwa akichelewa kujibu, anatazama dirisha, anasokota ukaya wake, na mimi roho inaniuma, nikawa namalizia. Anasema "kule", mimi nasema "anakusudia nyuma ya nyumba". Anagusa bega, mimi naeleza alichoshikwa. Yote yaliandikwa. Mahkamani wakili wa upande wa pili aliuliza swali moja tu: haya ni maneno ya mtoto au ya mwalimu? Kesi ilianguka. Yule mtoto alikuwa na lake la kusema na nilimnyang'anya kwa huruma. Mpaka leo nikimuona njiani ananikimbilia kunisalimia, na mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Kwa hiyo, anayekaa ubavuni mwa Kombo hajibu. Kazi yake ni kulifikisha swali kwa Kombo, na kulifikisha la Kombo kwa askari likiwa zima kama lilivyotoka.

Na hicho kiti, mwanangu, si chako. Rudi kwenye barua yako uone ulichokiandika kama jambo la kupita: wewe ndiye uliyemtuma kwa mzee asubuhi ile, na wewe ndiye uliyemuona akirudi jioni. Basi wewe ni shahidi. Shahidi hakai ndani ya mahojiano ya mtu mwengine akimsaidia kueleza jambo ambalo yeye mwenyewe atakuja kulieleza. Yatachanganyika, na wote wawili hamtaaminiwa. Maneno yako yana mahali pake. Nenda ukatoe maelezo yako mwenyewe, kwa jina lako: nilimtuma, nilimwambia maneno haya, alirudi wakati huu, mikononi alikuwa na hiki au hakuwa na kitu. Huenda hayo yakamfaa Kombo kuliko yote utakayosema ukiwa umemshika mkono.

Kitini umtafute mtu anayemjua, asiyekuwepo siku ile, na asiyeona muhali. Ami hafai, ameshaamua kulipa. Binamu hafai kabisa. Mwalimu wake wa skuli yuko wapi? Kama bado yuko Pemba, mwendee kesho. Walimu wa madarasa haya hatusahau mtoto. Kama hayupo, kuna Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD, ambayo kazi zake zinafika Pemba. Waeleze waone nani anaweza kuja. Mtu huyo akae naye nyumbani kwenu siku mbili tatu kabla, si kuzungumza kesi, bali kuzoea anavyosema.

Binamu aache leo hii, kabla ya magharibi. Sisemi kwa ukali. Anampenda ndugu yake. Lakini anachomfundisha ni wimbo. Askari akibadilisha neno moja, wimbo utakatika, na Kombo atarudi kwenye "ee" yake huku sasa akionekana mwongo aliyefundishwa. Na kuna jambo baya zaidi: kama Kombo aliona kitu siku ile, kama alimuona mtu na gunia, kila jioni ya mafunzo inakifukia. Mimi sijui kama Kombo aliligusa gunia lile. Na wewe hujui. Tunachotaka ni kwamba atakalosema liwe lake.

Siku yenyewe, au bora siku chache kabla, mwendeeni mkuu wa kituo, wewe na huyo mtakayempata. Ingieni kwa salamu. Yule askari si adui. Inawezekana hakuna aliyewahi kumfundisha haya. Kombo angekuwa na miaka 12 angetafutiwa mzazi bila kuambiwa. Lakini ana ndevu, na ulemavu wake hauna gongo wala miwani myeusi ya kumtambulisha. Mpeni barua fupi, ukurasa mmoja, na muombe iwekwe kwenye jalada. Iseme Kombo ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Liandike hivyo hivyo, kwa sababu wengi wanalichanganya na maradhi ya akili, na Kombo si mgonjwa wa kupandwa na kutulia; hivi ndivyo alivyo kila siku. Iseme huitikia kila swali, na weka yale maswali yako matatu kama mfano. Iseme akicheka ameogopa. Iseme hajui siku wala saa, ila anajua adhana, basi aulizwe "kabla ya adhuhuri" au "baada ya alasiri". Kama ana kifafa au anatumia dawa, iseme. Muambatanishe barua ya skuli aliyosoma, kadi zake za hospitali tangu utotoni kama mama amezihifadhi, na barua ya sheha kwamba ndivyo anavyojulikana katika shehia. Kama hajawahi kupimwa na daktari na kuandikiwa, anzeni hospitali ya Wete wiki hii.

Halafu muombeni mambo ndani ya chumba. Ahojiwe asubuhi, ameshakula. Chumba kisiwe na watu wanaoingia na kutoka. Askari mmoja aulize. Swali liwe fupi na liwe na jambo moja. Badala ya "Ulikwenda kwa mzee ukachukua gunia ukampa nani?", ambalo lina maswali matatu ndani yake na mawili yameshajibiwa na muulizaji, aanze na "Nionyeshe kazi uliyofanya kwa mzee." Kombo ana mikono hata kama hana maneno. Wapeni pakacha tupu, gunia tupu, konzi ya karafuu mbichi na konzi ya kavu, avishike, aonyeshe alibeba kipi na alikitua wapi. Wakikubali kwenda naye mpaka barazani kwa mzee, ndiyo bora zaidi. Mguu wake unakumbuka njia ambayo ulimi wake hauwezi kuieleza. Akinyamaza, waache anyamaze. Mwanafunzi wangu mmoja alihitaji muda wa kusoma Fatiha nzima kimoyomoyo kabla jibu halijatoka, na lilikuwa jibu la kweli kila mara. Watu wengi hawawezi kuuvumilia ukimya wa namna hiyo na hujaza wao.

Kila wanapopata "ee" kwenye jambo kubwa, waligeuze swali. Ikiwa "ee" imerudi tena, hiyo isiandikwe kuwa jibu, iandikwe kwamba ameitikia yote mawili. Wakimtaka awataje wenziwe, wasimtajie majina, kwa sababu atayaokota. Hapa nakuonya kwa uzito, maana siku hiyo wanakuja kutafuta majina. Jina moja likitajwa mbele ya Kombo kwa swali la "ulikuwa na fulani?", fulani huyo ameshaingia kwenye kesi kwa "ee" moja, na kesho mama mwengine katika mtaa wenu atakuwa analia kama wako.

Msaidizi akiona swali halikufika, aseme, "Afande, naomba tulivunje, hakulifahamu." Aseme vile vile Kombo akichoka. Mwisho maelezo yasomwe kwa sauti, kipande kipande, na baada ya kila kipande Kombo aonyeshe au aseme kwa njia yake nini kimesomwa. Dole gumba liwe la mwisho kabisa. Msaidizi aandike jina lake kwamba alikuwepo, na kama kuna sehemu anaona Kombo hakuielewa, aombe hilo nalo liandikwe.

Haya yote huombi fadhila. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 13 ya mkataba huo inataka mtu mwenye ulemavu arekebishiwe utaratibu ili aifikie haki sawa na wengine, na imetaja kwa jina hatua ya uchunguzi, si mahkamani tu, na imetaja kwamba polisi wafundishwe. Zanzibar ina Sheria yake ya Watu Wenye Ulemavu, na ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili. Wilayani kwenu wapo wasaidizi wa sheria, sheha anawajua. Chake Chake kuna tawi la Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Panda gari uende wiki hii, usingojee siku ya mwisho. Kombo anayo haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Haki ya kunyamaza kwa mtu anayeitikia kila kitu ni maneno matupu mpaka awepo mtu wa kumlindia, na ndiyo maana nakuhimiza wakili kabla ya mahojiano, si baada yake.

Yale maelezo ya kwanza hamtayafuta wala msigombane kuyafuta. Yatabaki kwenye jalada. Lakini maelezo ya kukiri hayana nguvu kwa sababu tu yana dole gumba; wakili anaweza kuyapinga, na hakimu ndiye anayepima kama mtu alisema kwa hiari na kwa kufahamu. Ndiyo maana barua yako, vyeti vyake na yale maswali matatu uliyomuuliza usiku ule vinatakiwa viingie jaladani mapema, visomwe na yeyote atakayelifungua, na hasa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mbuzi wa ami abaki zizini. Naufahamu muhali, nimezaliwa nao. Lakini jalada likishafunguliwa haliko tena mikononi mwa mzee peke yake. Anaweza kusamehe na kesi ikaendelea, na malipo yenu yakasomwa kuwa kukiri kwa pili. Na hata ikiisha, jina la Kombo limeshaandikwa vichwani mwa watu. Msimu ujao kitakachopotea chochote, miguu ya kwanza itaelekea kwenu, na hakuna atakayempa pakacha la kubeba. Kazi ile ndiyo furaha yake. Kwa mzee nendeni, lakini kwa kumjulia hali. Amepotewa na jasho la msimu, na aliyelichukua gunia lile, kama si Kombo, analala usingizi wake kwa sababu kila mtu anaamini mwizi ameshapatikana.

Wapo wasomaji wangu wenye ndugu viziwi, na wengine wazee wao wamepigwa na kiharusi, ulimi umefungika lakini akili ni ile ile. Kwenu ninyi maneno ni mengine kidogo. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, si shemeji anayejua ishara mbili tatu za nyumbani. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, ndio wa kuwauliza. Na mtu asiyeweza kutamka lakini anaandika au anaashiria, ushahidi wake ni ushahidi. Kanuni hiyo ilikuwemo tangu Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo sheria za ushahidi za Afrika Mashariki zimezaliwa nayo, na inauhesabu ushahidi wa maandishi au ishara kuwa sawa na wa mdomo. Anayekwambia "huyu bubu atatoa ushahidi gani" hajui sheria.

Nirudi kwako. Siku tatu kabla, mpitishe Kombo njia ya kituoni, mwende na kurudi, bila ya kuingia. Mara ya mwisho aliondoka nyumbani na watu asiowajua na akakaa kutwa bila dada yake. Mwambie kwa maneno yake kwamba atakwenda tena, atakaa na mwalimu, wewe utakuwa nje kwenye benchi, kisha mtarudi nyumbani. Mwambie pia kwamba akiwa hajui anaweza kusema "sijui", na hilo ndilo neno pekee ninalokuruhusu umfundishe. Mchezee nalo jikoni, mbali na mambo ya kesi: muulize jina la baba wa muuza samaki, muulize mbuzi wa jirani ana miaka mingapi. Kila akisema "sijui", mpe hongera. Asubuhi ya siku hiyo mpe uji na muhogo, na umvishe ile kofia anayoipenda kama anayo. Wewe ukae pale benchi atakapokuona mlango ukifunguliwa, na nakala ya barua yako mfukoni.